Dirisha la Dereva

Kisanduku kilifika Kibuye kwa basi la usiku,
kimezungushwa mkanda wa gundi mara saba,
jina la Wasonga juu yake kwa kalamu nzito
kama la mtu anayeogopa kusahaulika njiani.

Akeyo alikileta saa nne.
Gari lilikuwa limeota jua tangu asubuhi,
ukigusa kitasa, kidole kinakumbuka hadi jioni.
"Nanjala, bwana anataka madirisha yasikie rimoti.
Amenieleza kwa simu nusu saa nzima, yuko Doha.
Nimechoka kueleweshwa. Fundi ni wewe."

Nikauvua mlango wa dereva ngozi yake.
Ndani: njugu tatu, sarafu ya shilingi tano,
kibanio cha nywele,
na nyaya, nyembamba, kama ususi ulioachwa nusu.
Wa kijani wenye mstari mweusi hupandisha.
Wa kijani wenye mstari mwekundu hushusha.
Usiamini rangi. Pima.
Mimi niliamini rangi siku moja
nikalipa fyuzi sita za mtu, na matusi juu.

Nikalehemu, nikafunga, nikarudisha betri.
Kisha ukaja wakati wa kulifunza gari,
maana dirisha likikatiwa umeme husahau kimo chake,
halijui tena juu ni wapi.
Unalipandisha mpaka ligote,
unashikilia swichi: moja, mbili, tatu, nne, tano,
na huko ndani kitu kinaitika, tk.
Limejua mwisho wake.
(Nawajua watu ambao hiyo tk ingewafaa.)

Halafu ufunguo: washa,
bonyeza kufuli mara tano kabla ya pumzi kuisha.
Mara ya kwanza nilichelewa.
Ya pili, mbuzi wa mtu alipita na waya wangu mguuni.
Ya tatu, taa zikakonyeza mbili,
nami nikakonyeza, nani ataniona.

Simu ikalia.
Wasonga kiooni, kofia ngumu ya njano,
nyuma yake anga isiyo na hata wingu moja.
"Bonyeza nione."
Akeyo akaenda mpaka kwa muuza omena,
hatua arobaini, nilizihesabu,
akanyoosha mkono, akashikilia kitufe.
La abiria likashuka.
La nyuma, kulia. La nyuma, kushoto.
Joto likatoka kwa pamoja
kama darasa kengele ikilia.
"Yawa!" akasema muuza omena, kibaba hewani.
Enyi wahenga, na ile fimbo yenu ya mbali isiyoua nyoka,
njooni Kibuye mwone.

"Na la dereva?" ikauliza simu. "Mbona limekaa?"

Nikainama kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi.

Kwa sababu kabla ya lehemu,
Akeyo alikuwa ameweka ukucha juu ya waya mmoja:
"Huu usiuguse.
Huu ni wa kidole changu, nikiwa ndani."
Hakuongeza neno, nami sikudai.
Nilikuwa nimeshamsikia bwana akipangia rangi ya lango,
saa ya mtoto kuoga,
kiasi cha mkaa,
yote kutoka huko, kwa sauti ya upole kabisa.

"Mota imechoka," nikamwambia. "Kipuri mpaka Nairobi."
"Basi nitatuma kingine."
"Tuma," akasema Akeyo,
akamgeuzia kioo cha simu aone mbuzi.

Saa tisa wingu likapanda kutoka ziwani,
jeusi, lenye haraka zake.
Akanilipa, akawasha, akasogea barabarani.
Yale matatu yakapanda kwa utii, pamoja.
Lake akaliacha wazi,
kiwiko nje,
matone ya kwanza yakimpiga mkononi.

Chenji yake, mia mbili, bado ninayo.